Reli haijui pembe: jinsi ya kukata hanamu zinazofanana

Katika karakana za samani za Kibuye mjini Kisumu, na zile zilizojipanga kando ya barabara za Nakuru na Kakamega, swali moja linasikika sana siku hizi. Mteja anakuja na picha kwenye simu: kichwa cha kitanda chenye vipande vya mshazari vinavyokutana katikati, ukuta wa televisheni wenye mistari iliyolala, au meza ya pande nane. Fundi naye amekwisha kuona video ya mtu akisukuma msumeno juu ya reli ya alumini, na mbao inatoka imenyooka bila hata kuchanika. Wote wawili wanafikia uamuzi mmoja, kwamba ukiwa na reli ile, pembe zitatoka sawa zenyewe. Baadhi ya mafundi wamejikusuru wakainunua, na bado viungo vyao vina mianya inayopitisha ncha ya kisu. Lawama inaangukia msumeno, au mbao, au kijana aliyeshika tepu ya kupimia.

Nataka kulifungua fundo hili kwa sababu linawagharimu mafundi wetu plaiwudi nyingi. Shiti ya futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220, ikikatwa vibaya katikati hairudi tena dukani.

Tuanze na maneno. Kukata hanamu ni kukata kwa mshazari badala ya kukata mraba. Hanamu ni za aina mbili. Ya kwanza unaiona ukiitazama mbao kutoka juu: mstari wa kukata unapita mshazari usoni, kama kwenye kona za fremu ya picha. Hapo msumeno umesimama wima, na reli ndiyo iliyowekwa mshazari. Ya pili unaiona ukiitazama mbao kutoka ubavuni: reli imelala sambamba na ukingo, lakini msumeno wenyewe umeinamishwa, hivyo ukingo unatoka umelala. Hii ndiyo hutumika pale mbao mbili za kabati zinapokutana konani bila matabaka ya plaiwudi kuonekana. Namba za digrii zilizochongwa kwenye msumeno ni za aina hii ya pili. Kwa hiyo anayeambiwa “weka 45” ana haki ya kuuliza kwanza: 45 ya reli au 45 ya msumeno? Kazi nyingi za mapambo zinazoombwa sasa ni za aina ya kwanza, na ndiyo nitakayoishughulikia.

Msumeno wa reli ni msumeno wa diski ambao kitako chake kina mfereji unaoketi juu ya mgongo wa reli. Reli hulazwa juu ya mbao. Chini yake kuna tepe zinazoizuia kuteleza, na ukingoni kuna utepe wa mpira ambao msumeno huupunguza wenyewe mara ya kwanza unapopita. Kuanzia hapo, ukingo wa mpira huo ndio mstari wa kukata. Unaulaza juu ya alama ya penseli, na diski inapita hapo hapo. Reli za kawaida zina urefu wa mita 1.4 au 1.5, zipo pia za mita 3 kwa anayepasua shiti nzima kwa urefu.

Mkulima wa Kakamega anayepanda mahindi kwa kamba ameshaielewa reli hata kama hajawahi kuiona. Kamba iliyokazwa inampa mstari ulionyooka, basi. Mstari uelekee wapi, hilo linaamuliwa na vigingi viwili. Shimo likae umbali gani na jingine, hilo linaamuliwa na mafundo yaliyofungwa kwenye kamba. Reli ni kamba. Vifaa vya ziada vinavyouzwa pamoja nayo vipo ili vifanye kazi ya vigingi na ya mafundo: kimoja kinashika mwelekeo, kingine kinashika urefu. Fundi mwenye reli peke yake atapata mistari iliyonyooka vizuri kabisa, kila mmoja ukielekea upande wake.

Kifaa cha mwelekeo huitwa kizuizi cha pembe. Ni kipande cha chuma au alumini kinachoingia kwenye mfereji wa reli, na kina mkono unaozunguka juu ya mizani ya digrii. Unaegemeza mkono huo kwenye ukingo wa mbao, unakaza skrubu, kisha kila unaposogeza reli inabaki kwenye pembe ileile. Festool, Makita na Bosch wote wanacho cha reli zao. Kabla ya kuagiza, fahamu kwamba mifereji ya reli za Festool na za Makita inafanana kiasi cha vifaa vingi kuingiliana, lakini ya Bosch ni ya umbo jingine. Ipo pia skwea ya reli, ambayo haizunguki. Inashika digrii 90 tu, na kwa kuwa haina kiungo cha kulegea huwa ya kuaminika zaidi. Halafu kuna miongozo sambamba: mikono miwili yenye vipimo inayotoka ubavuni mwa reli, kila mmoja na kizuizi chake, ili ukate vipande vya upana uleule bila kupima kila kimoja.

Sasa tufike kwenye kiini. Pembe sahihi na pembe inayorudiwa ni mambo mawili tofauti. Ukikata vipande kumi na vyote vikatoka digrii 44.6, umekosea, lakini umekosea kwa namna moja. Ukikata kumi vinavyochezacheza kati ya 44.5 na 45.5, wastani wake unaweza kuwa 45 kamili na bado usipate viwili vinavyokutana. Mimi nitachagua hali ya kwanza kila siku, kwa sababu kosa lisilobadilika linarekebishwa mara moja na kazi inaendelea. Kosa linalobadilika halina dawa isipokuwa kutafuta kinachosogea.

Na makosa ya pembe hukua. Digrii moja, kwenye upana wa shiti wa milimita 1220, ni milimita 21 mwisho wa mstari. Sehemu ya kumi ya digrii, ambayo jicho haliwezi kuisoma kwenye mizani ndogo, ni milimita 2. Kisha makosa hujumlishana. Fremu ya pande nne ina mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii kuelekea upande uleule, ukifunga kona tatu, ya nne inabaki wazi kwa digrii 4. Meza ya pande nane ina mikato kumi na sita, hivyo robo ya digrii kwa kila mkato inatosha kuleta mwanya huohuo. Ndiyo maana fundi hulalamika kwamba kona ya mwisho ndiyo mbaya. Kona ya mwisho haina hatia. Imebebeshwa makosa ya zote zilizotangulia.

Mahali ambapo kizuizi cha pembe hukosea sana ni pale kinapogusa mbao. Chukua mkono wenye urefu wa milimita 100, uuegemeze kwenye ukingo wa plaiwudi uliopondeka kidogo kwenye lori, pale penye uvimbe wa nusu milimita tu. Nusu milimita kwa kila 100 ni milimita 6 ukifika 1220. Mizani bado inasoma 45, na kwa upande wake haidanganyi: inapima pembe kati ya reli na mkono wake, na mkono ndio ulioegemea uvimbe. Mguso ukiwa wa milimita 400, uvimbe uleule unakuleta kwenye milimita 1.5 hivi. Urefu wa mguso una thamani kuliko wingi wa alama kwenye mizani. Mtu akiniuliza atazame nini dukani, nitamwambia atazame urefu wa mkono kwanza, halafu autikise akishakaza skrubu aone kama una mchezo.

Kwa sababu hiyohiyo, usiamini ukingo wa kiwandani kabla ya kuupima. Shiti iliyo mraba kweli ina ulalo wa karibu milimita 2728 kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Zikitofautiana, kata ukingo mmoja mpya kwa reli na uufanye huo kuwa ukingo wa rejea. Vipimo vyote na vizuizi vyote vitoke hapo. Wanaorudiarudia kazi vizuri hawabadilishi ukingo katikati ya kazi, hata kama upande wa pili wa shiti uko karibu zaidi na mkono.

Namba za digrii nazo zina mtego wake. Meza ya pande sita ina kona za digrii 120, na wengi hutafuta 120 au nusu yake, 60, kwenye mizani. Lakini vizuizi vingi huhesabu kutoka kwenye mkato mraba, yaani mkato mraba ndio sifuri. Kanuni nyepesi ni kugawanya 180 kwa idadi ya pande. Pande nne: 45. Pande sita: 30. Pande nane: 22.5. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye mizani inayoanza na sifuri. Kama mizani yako inaandika 90 kwa mkato mraba, toa namba hiyo kutoka 90.

Lakini mizani ndogo si njia bora ya kupata pembe. Njia bora ni urefu. Pembe yoyote ni uhusiano wa pande mbili za pembetatu, na pande ndefu hupimika kwa usahihi ambao mizani ya kiganjani haiwezi kuufikia. Kwa digrii 22.5, pima milimita 1000 upande mmoja wa kona mraba na milimita 414 upande wa pili, kisha unganisha ncha. Kwa digrii 30, ni 1000 na 577. Kwa 15, ni 1000 na 268. Kwa 45, pande zote mbili ziwe sawa. Ukikosea milimita moja kwenye 1000, pembe inapotea kwa takriban sehemu sita za mia za digrii, tena wakati mwingine chini ya hapo.

Hii ndiyo habari njema kwa karakana isiyo na fedha za kuagiza vifaa: kizuizi cha pembe kinachoshinda vingi vya dukani hutengenezwa kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 12. Ni kiolezo cha pembetatu, bapa, kikubwa. Anza na kona mraba iliyothibitishwa kwa 600, 800 na 1000, kanuni ile ambayo waashi wetu huitumia kupanga msingi wa nyumba. Chora urefu wa pande mbili, kata upande wa tatu kwa reli. Sasa bana ubao ulionyooka kwenye ukingo wa rejea wa shiti, uinuke kidogo juu ya uso, ila uishie kabla ya mahali reli itakapopita. Egemeza pembetatu kwenye ubao huo, sukuma ukingo wa nyuma wa reli, ule usio na mpira, uguse upande mrefu wa pembetatu, bana reli kwa klampu, ondoa pembetatu, kata. Kuiondoa kuna maana yake: diski ikizama hadi mwisho, mota hushuka chini na inaweza kugonga chochote kilicholala karibu na reli.

Pembetatu ya digrii 45 ina faida moja ambayo sioni ikielezwa vya kutosha. Kata vipande vya kulia kwa kuegemeza mguu mmoja wa pembetatu, na vya kushoto kwa kuegemeza mguu wa pili. Tuseme ulikosea na pembe moja ikatoka 44.6. Maadamu kona mraba ni mraba kweli, ile nyingine lazima iwe 45.4, na zikikutana zinafanya 90. Kosa limejifuta lenyewe. Katika fremu za pande nne, basi, juhudi yako ielekeze kwenye kona ya digrii 90, maana ndiyo inayobeba kazi. Kwa pembe nyingine, kama 22.5, pindua pembetatu chini juu ili upate hanamu za upande wa pili. Plaiwudi yenye uso mmoja mzuri haikupi nafasi ya kupindua vipande vyenyewe.

Kabla ya kuingia kwenye mbao ya mteja, jaribu kwenye mabaki. Kata vipande viwili, vikutanishe, weka skwea kwenye kona. Kwa vipande vilivyokatwa kwa mpangilio mmoja, mwanya unaouona ni mara mbili ya kosa la mkato, kwa hiyo hata kosa dogo linajitokeza.

Kwa vipande vya mshazari vya kichwa cha kitanda au ukuta wa televisheni, kuna njia ambayo haihitaji pembe ipangwe zaidi ya mara moja. Kata mshazari wa kwanza kwa kiolezo. Ukingo huo mpya tayari una pembe yako. Kuanzia hapo tumia miongozo sambamba, au vipande viwili vya mbao vilivyokatwa pamoja vikawa na upana mmoja, ili kila mkato ufuate uliotangulia kwa umbali uleule. Pembe inarithiwa. Baada ya mikato kadhaa rudisha kiolezo uhakikishe, kwa sababu mikono miwili ya miongozo ikitofautiana hata kidogo, tofauti hiyo nayo inarithiwa.

Hapa wengi hupoteza mbao kwa kipimo kimoja. Upana wa kipande cha mshazari hupimwa mraba na mkato, haupimwi kwenye ukingo wa shiti. Ukitaka vipande vya upana wa milimita 100 kwa digrii 45, alama kwenye ukingo wa shiti zitakuwa milimita 141 kutoka moja hadi nyingine. Aliyeweka alama kila milimita 100 ukingoni atapata vipande vya upana wa 71, na mteja atadhani ameibiwa mbao. Ongeza pia unene wa mkato wenyewe, unaokuwa kama milimita 2. Mbao unayoitaka ikae chini ya reli. Iliyo upande wa pili ndiyo inayoliwa na diski.

Kizuizi cha urefu, yaani kipande ambacho ncha ya mbao huegemea ili vipande vyote vitoke na urefu mmoja, kinaonekana rahisi, na ndicho huharibu marudio kimyakimya. Ncha ya hanamu ni kali na laini. Ukiigonga kwenye kizuizi bapa, inapondeka, na kila kipande kinakuwa kifupi kwa kiasi chake. Kikate kizuizi kwa pembe ileile ili uso mzima wa hanamu uguse. Acha upenyo mdogo chini yake, kwa maana vumbi la msumeno likijazana pale linasukuma mbao nyuma bila wewe kuona. Pangusa kila mara. Na ukikata vipande vyembamba, weka kando yake mbao ya unene uleule ili reli isiiname; reli iliyoinama huleta hanamu ya aina ya pili juu ya ile ya kwanza, na kiungo kitafunga usoni huku kimeachana nyuma. Kipande kifupi kisichobanika kwa klampu usikikate kwa msumeno huu. Kikate wakati bado kimeungana na mbao ndefu.

Asiye na msumeno wa reli hajaachwa nje. Kwa msumeno wa kawaida wa diski, chukua ukanda mwembamba wa plaiwudi wenye ukingo ulionyooka, ugandishe na kuukaza juu ya ukanda mpana zaidi, kisha pitisha msumeno ukiegemea ule wa juu. Utapunguza ukanda wa chini mpaka ukingo wake uwe ndio mstari halisi wa kukata. Kiolezo cha pembetatu kitafanya kazi na reli hii ya plaiwudi vilevile. Kinachokosekana ni mgongo wa kuzuia msumeno usiyumbe upande wa pili, kwa hiyo mkono lazima usukume kuelekea ukanda wa juu muda wote.

Jambo la mwisho halihusu kifaa. Fundi anaweza kufanya haya yote kwa uaminifu na kona zikaachana baada ya miezi michache. Mbao halisi ya mti hupungua upana inapokauka, lakini urefu wake karibu haubadiliki. Hanamu ya 45 kwenye mbao iliyopungua upana si 45 tena, na mwanya hufunguka upande wa ndani wa kona. Ukiona mwanya wa ndani kwenye fremu iliyofunga vizuri siku ya kwanza, tafuta unyevu kabla ya kulaumu msumeno. Mbao ikitoka kwenye hewa ya ziwa kule Kisumu na kwenda kukaa nyumba kavu ya Nakuru, itapungua. Mbao ya saiprasi iliyonunuliwa mbichi itapungua popote. Ipange kwa vipachiko (vijiti vya kutenganisha mbao ili hewa ipite) ndani ya karakana mpaka ikauke kweli, na mbao za fremu zikiwa pana zaidi ya kiganja, mshauri mteja akubali kiungo cha mraba badala ya hanamu. Plaiwudi na MDF hazipungui hivyo, ndiyo sababu kazi za mshazari zenye vipande vingi hufaa zaidi kwenye mbao hizo.